Nimeendesha pikipiki ya theluji juu ya Langjökull. Hivi pale Þingvellir nilisimama kweli kati ya mabara mawili?

#1 Bint_Marangu

Wakuu salaam. Nimerudi juzi kutoka Aisilandi. Nilikaa siku nne, na moja kati ya hizo nililipia ile ziara ya kutwa nzima: unachukuliwa mjini Reykjavík saa mbili asubuhi, unapelekwa bonde la Þingvellir, halafu Geysir penye chemchemi za maji moto, halafu maporomoko ya Gullfoss. Mchana mnahamishiwa kwenye gari refu la magurudumu manene, mnapanda hadi Langjökull, ile barafu kubwa ya mlimani, na huko kila watu wawili wanapewa pikipiki ya theluji. Tulirudi mjini saa tatu usiku na jua bado linawaka, maana ilikuwa Mei.

Mimi ni mzaliwa wa Marangu. Kibo nimeiona tangu naanza kutambaa, asubuhi ikiwa haina mawingu unaikuta imesimama nyuma ya migomba. Sijawahi kuipanda. Theluji ya kwanza kuishika ilikuwa hapa Denmark ninakofanya kazi, ile ya barabarani iliyochanganyika na chumvi na matope. Barafu ya mlima nimeigusa wiki iliyopita kwa mara ya kwanza maishani. Tuliposimamishwa juu kule nilivua glavu, nikafukua theluji kwa vidole na kuweka kiganja chini. Si laini kama inavyoonekana pichani. Ni punjepunje kama chumvi ya mawe, na baridi yake inapanda mpaka kwenye kiwiko. Nililia kidogo, sioni aibu kusema.

Swali langu ni la asubuhi. Pale Þingvellir kiongozi alitusimamisha ndani ya ule mfereji wa mawe unaoitwa Almannagjá, akatuambia ukuta mrefu wa magharibi ni Amerika, na ule mfupi wa mashariki ni Ulaya. Bwana mmoja mzee kwenye kundi akamwambia sivyo. Wakabishana kwa adabu mpaka dereva akapiga honi. Nani alikuwa mkweli?

#2 Tanga_Raha

Dada, umeacha barafu nyuma ya migomba ya mama yako ukalipa nauli ya ndege kufuata ya watu? Wachaga kwa safari hamjambo. Weka picha.

#3 Mwalimu_wa_Ramani

Kiongozi alikuwa sahihi. Katikati ya bahari ya Atlantiki kuna mgongo wa milima chini ya maji, kaskazini mpaka kusini. Ndiyo mahali ambapo ganda la dunia linaachana: bamba la Amerika Kaskazini linakwenda magharibi, la Ulaya na Asia linakwenda mashariki, kiasi cha sentimita 2 kwa mwaka. Mgongo huo karibu wote umezama. Aisilandi ni pale ulipoinuka juu ya maji, na Þingvellir unaupitia kwa miguu. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu nawafundisha hivyo.

Halafu hiyo herufi ya kwanza isiwatishe, inatamkwa kama th ya thelathini. Ni uwanda wa baraza. Bunge lao, Alþingi, lilianza kukutana hapo mwaka 930, na jamhuri yao ilitangazwa hapohapo tarehe 17 Juni 1944.

#4 Fundi_Olkaria

Mwalimu, kwa heshima, umekwenda haraka. Mimi ni fundi wa visima vya mvuke hapa Naivasha. Nilikaa Reykjavík miezi sita kwenye mafunzo ya jotoardhi, yaani joto la chini ya ardhi, yale wanayosoma Wakenya wengi tangu miaka ya themanini, na Þingvellir tulipelekwa kikazi, tukakaa kutwa na ramani mkononi.

Kwanza, kuta zote mbili za Almannagjá ziko upande mmoja. Huo ni ufa wa pembeni tu, ukingo wa magharibi. Bonde lenyewe lina upana wa kilomita kadhaa na ukingo wake wa pili uko mbali ng'ambo, kwenye ufa wa Hrafnagjá. Kwa hiyo ule ukuta mfupi si Ulaya hata kidogo.

Pili, fanyeni hesabu. Sentimita 2 kwa mwaka mara miaka 10,000 ni mita 200. Lakini waliopima Þingvellir wanasema bonde limepanuka takribani mita 70 kwa muda huo, na sakafu yake imeshuka kama mita 40. Mita 130 zimekwenda wapi? Zimekwenda mashariki. Kule kusini mwa Aisilandi ardhi inaachana kwenye mikanda miwili, wa magharibi unaopita Þingvellir na wa mashariki, na wa mashariki ndio unaofanya kazi kubwa. Katikati yake kuna kipande kidogo kinachojitegemea, kinaitwa Hreppar. Ukivuka bonde la Þingvellir lote hujafika Ulaya. Umefika Hreppar.

Yule bwana mzee alikuwa sahihi.

#5 Mwalimu_wa_Ramani

Nakubali kuhusu Hreppar, asante. Ila sikubali kwamba kiongozi amedanganya watu. Mpaka wa mabamba si mstari wa chaki. Ni ukanda wenye upana wa makumi ya kilomita, umejaa nyufa. Ukiwa ndani ya ukanda huo uko mpakani, popote utakaposimama. Kuonyesha ukuta huu na ule ni kosa, hapo sawa. Na bara si bamba. Ramani ya shule inaiweka Aisilandi yote Ulaya.

#6 Mdau_Bujumbura

Na mnasahau kwamba mgongo wa Atlantiki peke yake hautoshi kueleza. Kama ungetosha, tungekuwa na visiwa vikubwa mstari mzima kutoka kaskazini mpaka kusini. Aisilandi imeinuka kwa sababu chini yake kuna nguzo ya mwamba wa moto unaopanda kutoka kina kirefu. Mgongo unasogea taratibu, nguzo imekaa, ndiyo maana mikanda ya volkano inarukaruka kwenda mashariki. Huo wa Þingvellir unazeeka.

#7 Fundi_Olkaria

Mdau #6 hapo umegusa penyewe, ingawa kina cha hiyo nguzo wenyewe bado wanagombania.

Na tusiwashangae sana, nyumbani tunayo hali kama hiyo. Bonde la Ufa lina mikono miwili, wa mashariki unaopita Naivasha, Magadi na Natron, na wa magharibi unaopita Albert, Kivu na Tanganyika. Katikati kuna kipande kimekaa peke yake, ziwa Victoria likiwa juu yake. Mtu akisimama ukingoni pale Mai Mahiu akuambie huku bamba la Nubia na kule bamba la Somalia, mwulize swali lilelile la Hreppar.

#8 Zuhura_wa_Lamu

Haya ya mabamba nimeyasoma yote na nimeyapenda, lakini dada Bint hujatuambia habari ya pikipiki. Nina safari ya kwenda kwa dada yangu Oslo mwezi wa tisa na nataka kupitia huko. Mavazi? Gharama? Mwenye hijabu anavaaje helmeti? Na asiyejua kuendesha gari?

#9 Bint_Marangu

Zuhura mpenzi, nakujibu kwa urefu kwa sababu na mimi nilitafuta maelezo haya kwa Kiswahili sikuyapata.

Leseni ni lazima kwa anayeendesha, na uwe nayo mkononi. Picha ya kwenye simu hawaitaki. Asiye na leseni anapakiwa nyuma. Ukitaka pikipiki ya peke yako unaongeza pesa. Mimi ziara nzima ilipita krona 30,000 za kwao, ni fedha nyingi, niliweka kidogokidogo tangu Krismasi.

Kule juu kuna kibanda. Wanakupa ovaroli nene ya kuvaa juu ya nguo zako zote, buti, glavu, kofia ya kitambaa inayofunika kichwa na shingo ikaacha macho tu, na helmeti. Hijabu nyepesi ya pamba inakaa vizuri kabisa chini ya ile kofia. Kulikuwa na msichana wa Kimalaysia amevaa hivyo na hakupata shida. Usivae ya pini. Ndani vaa sufu, jinzi iache hotelini, ikilowa inaganda.

Pikipiki yenyewe mbele ina skii mbili, nyuma ina mkanda mpana wa mpira wenye meno. Mafuta unaongeza kwa kidole gumba cha mkono wa kulia, kuna kijiti kidogo, unakisukuma tu. Breki iko mkono wa kushoto. Mishikio inatia joto, nilishukuru Mungu kwa hilo. Kuna kamba iliyosokotwa kama waya wa simu za zamani, unajifunga nayo mkononi. Ukianguka inachomoka na injini inazimika hapohapo.

Mnakwenda mstari mmoja, kiongozi mbele, hakuna kumpita mwenzako, na unapita kwenye alama ileile ya aliyetangulia. Kiongozi alituonya mara tatu juu ya hilo kwa sababu ya nyufa. Chini ya theluji kunaweza kuwa na mwanya usioonekana, yeye njia anaijua.

Kigumu ni kona. Nilidhani ni kama bodaboda, uinamishe kidogo iende. Wapi! Ukigeuza usukani bila kulalia upande ule kwa mwili wote inaendelea mbele kama ng'ombe aliyekataa kamba. Dakika kumi za kwanza mikono iliniuma. Baadaye nikauzoea, tukafika mahali ambapo huoni kitu isipokuwa weupe na mbingu, kiongozi akainua mkono, injini zote zikazimwa. Hapo ndipo nilipovua glavu. Kimya cha pale sijawahi kukisikia. Hata damu yangu masikioni niliisikia.

Kwenye pikipiki mnakaa kama saa moja tu. Kutwa nzima iliyobaki ni ya barabarani na vituo.

#10 Dereva_Muscat

Dada umenikumbusha. Mimi natembeza watalii kwenye mchanga wa Sharqiya hapa Oman. Hebu niulize: hilo gari la magurudumu manene, walipofika theluji walipunguza upepo?

#11 Bint_Marangu

Ndiyo! Dereva alifanya akiwa ameketi, kuna kibonyezo ndani, ukasikia shiii. Nikadhani tumepata pancha.

#12 Dereva_Muscat

Basi ni jambo lilelile. Sisi tunashuka wenyewe na kipimo, tunatoa upepo kabla ya kuingia mchangani, gurudumu linalala, uzito unasambaa, gari linaelea badala ya kuchimba. Waaisilandi wanashusha kuliko sisi, nimeona gurudumu limebonyea kama chapati. Mgeni akija na gari lake na upepo wa barabarani, iwe mchanga iwe theluji, nusu saa tu anatafuta wa kumvuta.

#13 Tanga_Raha

#9 Dada, sasa nimekuvulia kofia. Picha nimeiona pia. Ila kwenye picha hatujui kama ni wewe au mtu wa mwezini.

#14 Wa_Marigat

Mimi nataka kurudi kwa Geysir. Nimekulia karibu na Bogoria. Kule Loburu chemchemi zinaruka tangu babu yetu hajazaliwa, watoto tulichemshia mayai na mahindi. Sasa ziwa limepanda miaka hii, nyingi zimefunikwa na maji. Bint, ile ya Aisilandi inaruka kweli kama wanavyoonyesha?

#15 Bint_Marangu

Inayoruka inaitwa Strokkur. Unasimama nyuma ya kamba, maji yametulia kwenye shimo la mviringo, yanapumua juu na chini. Halafu ghafla uso wa maji unavimba, unakuwa kama tumbo la kioo la rangi ya buluu, sekunde moja tu, ukapasuka, nguzo ya maji na mvuke ikaruka juu kuliko nyumba ya ghorofa nne. Inarudia kila baada ya dakika tano hadi kumi. Niliiona mara tano.

Ila Geysir yenyewe, ile kubwa iliyozipa jina chemchemi za aina hiyo duniani kote, imelala. Ni dimbwi linalofuka tu. Kiongozi alisema watalii wa zamani waliijaza mawe. Ni kweli?

#16 Mwalimu_wa_Ramani

Strokkur kwa lugha yao ni chombo cha kusukia maziwa. Nimeipenda sana hiyo. Mtu aliyeuita hivyo alikuwa mfugaji.

#17 Fundi_Olkaria

Mawe yalitupwa kweli, lakini sioni kama ndiyo sababu kubwa. Maji ya joto kali yanabeba silika iliyoyeyuka, yale madini ya mchanga na kioo. Yakifika juu na kupoa, silika inaganda, inajenga ukingo na kubana koo. Tatizo hilohilo tunalo kwenye mabomba yetu hapa Olkaria, tunalikwangua kila siku. Ukingo wa Geysir ulipanda, maji yakajaa mpaka juu, eneo la kupozea likawa kubwa, maji ya chini hayakuweza tena kuchemka. Mwaka 1935 watu walichimba mfereji kwenye ukingo, kina cha maji kikashuka, ikaruka tena. Baadaye mfereji ukajaa silika, ikalala. Mwaka 1981 wakausafisha, ikaamka. Walikuwa wanaitia hata sabuni ili iruke.

#18 Wa_Marigat

Sabuni? Ya kufulia?

#19 Fundi_Olkaria

Sabuni hasa. Inalegeza ngozi ya maji, mapovu yanatokea kirahisi. Waliacha, haifai kwa chemchemi.

#20 Mdau_Bujumbura

Fundi, umeacha matetemeko. Geysir imekuwa ikilala na kuamka kufuata mitikisiko ya ardhi. Ilitikisika 1896 ikaamka. Ikatikisika tena mwaka 2000, ikaruka sana kwa muda, halafu ikachoka. Tetemeko linafungua njia za maji chini, silika inazifunga polepole. Mfereji wa 1935 ni jambo la juu tu.

#21 Mwalimu_wa_Ramani

Na kwa nini inaruka hasa, hilo nalo watu hawajakubaliana muda mrefu. Mskoti George Mackenzie alikwenda huko 1810 akasema chini kuna chumba cha pembeni kinachonasa mvuke, ukijaa unasukuma maji nje. Mjerumani Robert Bunsen, yuleyule ambaye jina lake liko kwenye kichomeo cha gesi cha maabara zetu, alikwenda 1846 akashusha vipimajoto ndani ya Geysir. Akasema hakuna haja ya chumba. Maji ya chini yanabanwa na uzito wa yaliyo juu, yanapita nyuzi 100 bila kuchemka. Yakisogezwa juu kidogo ule mzigo unapungua, yanalipuka kuwa mvuke mara moja. Vitabu vya shule vilimfuata Bunsen. Siku hizi wanaoteremsha kamera kwenye chemchemi za namna hiyo wameanza kumrudia Mackenzie, wanaona mianya ya pembeni inanasa mapovu.

#22 Wa_Marigat

Kwetu wazee wanasema ziwa lilimeza kijiji cha watu waliokuwa wachoyo, na ule mvuke ni moshi wa majiko yao. Naweka tu na hiyo kwenye orodha.

#23 Fundi_Olkaria

Kazi ya visima vya mvuke inafundisha unyenyekevu. Sisi hapa ndio tulioanza kuzalisha umeme wa jotoardhi Afrika, mwaka 1981 kwa mtambo wa megawati 15, na mpaka leo kisima kipya kinaweza kukushangaza.

#24 Kaka_wa_Lubumbashi

Hapana ndugu yangu, hapo tusaidiane. Mtambo wa kwanza Afrika ulikuwa wa kwetu, Kiabukwa, Katanga, mwaka 1952. Ulikuwa mdogo, kilowati 200 tu, kwa ajili ya mgodi, na maji yake hayakufika hata nyuzi 100. Ulizimwa zamani. Lakini ulikuwepo, na ulitangulia.

#25 Fundi_Olkaria

Kaka, nakubali kosa. Nirekebishe: sisi tulianza kwa kiwango kikubwa na hatujazima. Maji chini ya nyuzi 100 kutoa umeme mwaka 1952, hiyo ilikuwa kazi ya mafundi. Asante.

#26 Zuhura_wa_Lamu

Jamani, kati ya hayo yote, kituo kipi mtu anaweza kukiruka kama muda ni mdogo?

#27 Fundi_Olkaria

Usiruke chochote, nikuambie kwa nini. Wengi wanaona ile ziara kama vitu vinne vilivyofungwa kamba moja: ufa, maji moto, maporomoko, barafu. Mimi nilivyokaa kule niliona ni maji yaleyale. Hvítá, mto unaoanguka Gullfoss mara mbili, mita 11 halafu mita 21, unatoka kwenye ziwa lililo miguuni pa Langjökull. Rangi yake ya kijivu ni unga wa mawe yaliyosagwa na barafu. Maji mengine ya Langjökull hayapiti juu. Yanazama kwenye lava yenye matundu, yanatembea chini kwa makumi ya miaka, yanatokea Þingvellir kwenye ufa wa Silfra. Yamechujwa mpaka wanaozamia wanaona mbali kama hewani. Joto lake ni nyuzi 2 hadi 4, mwaka mzima. Niliingiza mkono nikahesabu mpaka kumi na tano, nikautoa.

Hata maji ya Geysir, waliopima haidrojeni yake nzito, ambayo mvua na theluji ya penye baridi huwa nayo kidogo, walisema yanafanana na mvua na theluji ya nyanda za juu upande wa Langjökull, si ya pale yanapotokea. Bint, pale ulipoweka kiganja chako ndipo yote yanapoanzia.

#28 Mdau_Bujumbura

Hiyo ya haidrojeni nzito ina jibu la pili, tuwe waangalifu. Maji yaliyonyesha zama za barafu, kulipokuwa na baridi zaidi, nayo yana alama hiyohiyo ya wepesi. Kwa hiyo yanaweza kuwa yametoka mbali, au yametoka zamani. Kipimo hakitofautishi kirahisi.

#29 Bint_Marangu

#27 nimeisoma mara tatu. Hayo kiongozi hakutuambia, alituonyesha tu mahali pa kupigia picha.

Pale Gullfoss alitusimulia habari ya Sigríður Tómasdóttir, binti wa shamba la jirani. Mwanzoni mwa karne iliyopita wawekezaji walitaka maporomoko yale kwa umeme, naye akapigana nao miaka na miaka. Kuna sura yake imechongwa kwenye jiwe. Nilisimama hapo mpaka nikalowa kwa manyunyu.

Sasa linaloniumiza ni jingine. Niliporudi nilisoma habari za barafu iitwayo Ok, jirani ya Langjökull. Mwaka 2014 wataalamu walisema si barafuto tena, yaani barafu ya mlima inayotembea, kwa sababu haisogei. Agosti 2019 waliiwekea bamba la ukumbusho kama la kaburi, na limeandikwa kwamba katika miaka 200 ijayo barafuto zao zote zinatarajiwa kufuata njia hiyo. Na mimi siku ile nilikuwa juu ya mojawapo na injini inanguruma. Nimefanya vibaya?

#30 Tanga_Raha

Dada usijitese. Pikipiki thelathini si kitu mbele ya viwanda vya dunia.

#31 Dereva_Muscat

Naafikiana na Tanga. Aliyepanda ndege kutoka Denmark amechoma mafuta mengi zaidi angani kuliko saa moja ya pikipiki. Usimlaumu mwenye kibanda pale.

#32 Mdau_Bujumbura

Si mafuta tu, kuna masizi. Kitu cheusi juu ya weupe kinanyonya jua.

#33 Fundi_Olkaria

Majivu ya volkano zao yanafanya hivyo mara nyingi zaidi. Baada ya Eyjafjallajökull kulipuka 2010 barafu nyingi ziligeuka kijivu. Majivu membamba yanayeyusha, yakiwa mazito yanafunika na kuikinga. Masizi ya pikipiki siyatetei, lakini tuyaweke mahali pake. Kinachoyeyusha Langjökull ni majira ya joto marefu zaidi.

Kuna hatari nyingine haijatajwa, hali ya hewa. Zuhura sikiliza. Januari 2020 watalii 39 waliokuwa kwenye ziara ya pikipiki karibu na Langjökull walinaswa na dhoruba, wakaokolewa usiku na vikosi vya kujitolea. Mwenye ziara akikupigia simu asubuhi kwamba leo hatwendi, mshukuru, usidai.

#34 Mpagazi_Mstaafu

Nimekuwa nasoma kimya. Mwanangu Bint wa Marangu, hujambo. Mimi nimebeba mizigo ya wageni Kilimanjaro tangu 1983, kisha nikawa msaidizi wa kiongozi, nimeacha kwa sababu ya magoti. Hilo neno lako barafuto sisi mlimani hatukulitumia. Tulisema barafu, ndiyo maana kambi ya mwisho inaitwa Barafu, na wageni walitufundisha kusema glesha.

Nilipoanza, ukifika juu ukielekea Uhuru, mkono wa kushoto ulikuwa na ukuta wa barafu karibu na njia, umesimama kama nyumba. Mkono wa kulia ndani ya kreta kulikuwa na ile ya Furtwängler, kipande kimoja. Nimeiona ikichanika katikati. Baada ya miaka michache unapita pale pale unakuta mchanga. Haikuwa na maji yanayotiririka. Ilikuwa inaondoka tu, kama kambi iliyohamishwa.

#35 Mwalimu_wa_Ramani

Shikamoo mzee. Hilo la kutokuona maji ndilo kiini cha ubishi wa wanasayansi wenyewe. Tangu ramani ya 1912 Kibo imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake. Wengine wanasema ni joto la dunia moja kwa moja. Wengine wanasema hewa ya Afrika Mashariki ilikauka kuanzia miaka ya 1880 hivi, theluji ikapungua, na barafu kwenye ukavu na jua kali inageuka mvuke bila kupitia maji. Wengine wanalaumu misitu iliyokatwa chini. Mmarekani Lonnie Thompson aliyeichoronga mwaka 2000 alikadiria itakuwa imekwisha kati ya 2015 na 2020. Imebaki vipande mpaka leo.

#36 Mpagazi_Mstaafu

Marahaba mwalimu. Hao wachorongaji nawakumbuka, walishusha barafu kwenye masanduku. Mimi naona yote matatu yana ukweli. Migomba ya Marangu ilikuwa inapata ukungu mpaka saa nne asubuhi, mama zenu wanajua. Siku hizi saa mbili kumekauka.

#37 Mdau_Bujumbura

Misitu haiwezi kuathiri mita 5,800, mzee. Mawingu yale hayafiki juu.

#38 Mpagazi_Mstaafu

Yanafika, kijana. Mchana nimelala ndani yake mara nyingi nisizoweza kuhesabu.

#39 Bint_Marangu

Shikamoo babu. Umenigusa. Bibi yangu alisema hivyohivyo kuhusu ukungu nilipompigia Jumapili.

Nina likizo ya wiki tatu mwakani. Sijawahi kupita geti la Marangu hata mara moja, na lipo mwendo wa miguu kutoka nyumbani. Nikitaka kuigusa ile iliyobaki, nije mwezi gani, na nipite njia ipi?

#40 Mpagazi_Mstaafu

Marahaba mjukuu. Njoo mwisho wa Januari, mvua ndogo zimekwisha na kubwa hazijaanza. Usipite Marangu kwa sababu tu ni nyumbani, vibanda vyake ni vizuri lakini watu wanaikimbiza kwa siku tano na kichwa kinauma. Pita Machame, chukua siku saba. Usiku wa mwisho mtatoka Barafu saa sita, alfajiri mtakuwa Stella Point, ukingoni mwa kreta. Hapo mwambie kiongozi wako unataka kuisogelea barafu ya kushoto kabla ya kwenda Uhuru. Watakuharakisha kwa ajili ya picha ya ubao. Usikubali, na ukishuka utuandikie hapa.

#41 Zuhura_wa_Lamu

Mimi nimeshalipa ya mwezi wa tisa. Leseni ninayo. Fundi, ile Silfra wanaingiza watu wasiojua kuogelea?

#42 Fundi_Olkaria

Hapana, lazima ujue kuogelea, na wanakuuliza afya yako kwanza. Njiani wasimamishe Laugarvatn. Kuna watu wanafukia sufuria za mkate mweusi kwenye mchanga wa moto kando ya ziwa, zinakaa saa 24, halafu wanafukua unaula na siagi ukiwa bado wa moto. Nilikula vipande sita.